Ukuu kwa Sauti ya Chini

Unaanza kinyonge. Sol mara tatu, kisha sauti inateremka hadi mi na kutua hapo. Asiyeujua wimbo huu akisikia noti hizo nne peke yake hatadhani kwamba zinafungulia njia nyota, radi, milima na mkono uliovifanya vyote. Nyimbo nyingi za kumsifu Muumba huingia kwa kishindo, utadhani mwimbaji anachelea kuonekana hana imani. Huu unaingia peku.

Sisi wa Kiswahili tunauita Bwana Mungu Nashangaa Kabisa. Umo ndani ya Tenzi za Rohoni, na umo vichwani mwa watu ambao hawajawahi kukishika kitabu hicho. Wanauimba Mombasa, wanauimba Dodoma, Bukavu na Bujumbura. Msibani, harusini, kwenye mikutano ya injili, na ndani ya basi la usiku dereva akiamua kufungulia kwaya. Kwa sababu hiyo ni miongoni mwa nyimbo zinazoimbwa vibaya kuliko zote. Kila mtu anaujua, basi hakuna anayejifunza. Beti zinavukwa harakaharaka kwa sauti iliyolegea, watu wakingojea kiitikio wapate kupaza. Kiitikio kikifika wanapaza hadi mishipa ya shingo inasimama, na kinachosikika ni ukubwa wa mapafu yao. Mungu aliyetajwa kwenye ubeti ameshasahaulika.

Mahali nilipousikia ukiimbwa hata nikabaki najiuliza wamefanyaje ni Dzaleka, wilaya ya Dowa, nchini Malawi. Kutoka Area 18 ya Lilongwe, ninakoishi, unaiacha ile njia panda ya barabara za juu, unaifuata M1 kwenda kaskazini, unapita Lumbadzi ulipo uwanja wa ndege wa Kamuzu, halafu unakunja kuelekea Dowa. Safari nzima haifiki kilomita 50. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Sasa wamezidi 50,000, wengi wao Wakongomani, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, bombani na kanisani. Nyumba zimesongamana, na kati yake yamejibana makanisa ya matofali ya udongo na mabati, na karibu kila kanisa lina kwaya, au korali kama wasemavyo wenyewe. Yenye nafasi yana ya akina mama, ya vijana na ya watoto, na zote zinagombania saa za mazoezi.

Kwaya ninayoisema sitaitaja jina, na mwalimu wake vilevile. Waimbaji wanamwita Mwalimu basi, na mimi nitafuata mtindo wao. Ni mtu wa Kivu Kusini, mwembamba, asiyependa kuimba mbele za watu. Akitaka kuonyesha jambo huimba kwa sauti ndogo kiasi kwamba safu ya nyuma lazima iache kunong'ona ili imsikie. Nadhani hilo nalo ni sehemu ya ufundi.

Kazi yake ya kwanza ni kwenye zile sol tatu. Kwenye karatasi ni kitu kilekile mara tatu. Kinywani haziwezi kuwa kitu kilekile, kwa sababu lugha ina mahali pake pa kukaza, na Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa tazama mtego uliotegwa hapo. Maneno mawili ya kwanza yana silabi nne, na noti ni nne, kwa hiyo hesabu imekubali. Lakini noti ya nne, ile mi ya chini, ndiyo ndefu, na ndiyo inayoangukia pigo zito. Kwa Kiingereza pigo hilo linalipokea jina la Mungu lenye silabi moja, nalo linakaa barabara. Kwa Kiswahili linalipokea "ngu", mkia wa neno. Kwaya isiyo na mwalimu inaimba "MuNGUU", na jina lililotakiwa kuheshimiwa linatoka limepinda. Vitabu vyetu vya nyimbo vimejaa ajali za namna hii. Waliotafsiri tenzi za kigeni walikuwa hodari wa kuhesabu silabi, ila mara nyingi waliyaacha mapigo yajitafutie njia.

Mwalimu hawezi kuubadilisha wimbo ambao watu wanaujua tangu utotoni. Anachofanya ni kuiongezea "Mu" kitambo kidogo, kiasi ambacho huwezi kukiandika kwa alama yoyote, halafu "ngu" anaitua bila kuikanyaga. Noti inabaki na urefu wake wote, ila inatolewa uzito. Sauti inaingia laini, inavimba kidogo katikati, inapungua. Ukisikiliza hutambui hila yoyote. Unasikia Kiswahili kimekaa sawa, kama mtu anavyokizungumza. Nusu ya pili ya mstari haina shida. "Nashangaa" ina a mbili mfululizo, na pigo linaangukia ile ya pili, mdomo ukiwa bado wazi kutoka ya kwanza. Mshangao unapita juu ya pigo bila mshono. Aliyelichagua neno hilo, kwa kujua au kwa bahati, aliwapa waimbaji zawadi, na Mwalimu huwakataza kuiharibu kwa kuzitenga a hizo mbili.

Jambo hilo moja linaweza kumaliza nusu saa ya mazoezi. Wageni huchoka. Watoto walioketi kwenye mbao za mbele wakingoja mama zao huanza kuiga, na baada ya muda wanapatia kuliko wakubwa.

Mwalimu anaposomesha wimbo mpya, au anapoufumua wa zamani ili aushone upya, huanza na besi. Kwaya nyingi nilizozijua huanza na sauti ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye wimbo unaojulikana, halafu wengine wanatafutiwa mahali pa kujibanza. Yeye huwasimamisha wanaume wa besi peke yao, wanaimba sehemu yao yote mwanzo hadi mwisho, noti zisizo na mvuto wowote zikisikika peke yake, nyingi zikirudiarudia palepale. Kisha tena. Vijana waliozoea kusikika hawaipendi hatua hiyo. Lakini besi ikishajua njia yake, waimbaji wa tena, yaani sauti ya tatu, wanaingia juu yake kwa uhakika, kisha sauti ya pili, na sauti ya kwanza inakuja mwisho kabisa, inakuta nyumba imeshaezekwa. Akina dada wa sauti ya kwanza katika kwaya ile hawapigi kelele kwa sababu hawana haja. Chini yao pako imara.

Sauti ya pili ndiyo niliyojifunza kuistahi huko. Katika wimbo huu inatembea kwenye noti chache mno. Mtu anaweza kuimba mstari mzima akiwa ameganda karibu mahali pamoja huku wenzake wanapanda na kushuka. Kishawishi cha kuteleza na kufuata sauti ya kwanza ni kikubwa, na mwimbaji mmoja akiteleza anaondoka na jirani yake. Wamama wanaoishikilia huimba wakiwa wamegeuziana nyuso kidogo, sikio la mmoja likielekea mdomo wa mwingine. Wanachokisikiliza ni irabu. Mmoja akiimba a ya mbele na mwingine a ya kooni, noti ni moja lakini rangi ni mbili, na masikio ya ukumbini yatasema kuna kitu hakijakaa bila kujua ni nini. Mwalimu anaweza kuwasimamisha kwa a moja. Mtu wa Uvira, mtu wa Bujumbura na mtu wa Kigali hawana a moja, na kwaya haiwezi kuwa na tatu.

Ubao upo, na chaki ikipatikana huandika d, r, m, f kwa herufi ndogo, mpangilio ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 akiuchukua kwa mwalimu mwanamke, Sarah Glover, na ambao wamisionari waliutawanya Afrika kwa sababu hauhitaji mistari mitano wala kinanda. Kwaya za Wamalawi wa kanisa la Kipresbiteri la CCAP huutumia hadi leo. Malawi hii, nisiisahau, ina historia yake katika ufundi huu: huko kaskazini, chini ya misheni ya Livingstonia, Wangoni na Watumbuka walikuwa wakitunga nyimbo za kanisa kwa sauti zao wenyewe mapema mno, wakati sehemu nyingi za bara bado zilikuwa zinaimba za Ulaya tupu. Lakini waimbaji wengi wa Dzaleka hawausomi ubao. Wanajifunza kwa kusikia, na ubao unabaki kuwa kumbukumbu ya Mwalimu mwenyewe. Anausimamia mtu akibisha.

Kwa nini beti ziimbwe kwa sauti ya chini? Niliwahi kumwuliza, nikitegemea jibu la ufundi wa sauti. Akanipeleka kwenye Zaburi ya 8.

Wimbo huu na zaburi hiyo ni ndugu. Aliyeutunga ni Msweden, Carl Boberg, mwaka 1885, karibu na kwao Mönsterås, mji mdogo wa pwani, baada ya radi na mvua kupita ghafla juu ya ghuba na kuacha utulivu. Shairi lake lilikuwa na beti tisa, likachapishwa gazetini mwaka 1886, kisha likaoanishwa na wimbo wa kienyeji wa Kiswidi. Katika ukoo wa Boberg ilisimuliwa kwamba shairi lilikuwa ni Zaburi ya 8 iliyosemwa upya, na ukiziweka pamoja undugu unaonekana: mtu anaangalia juu, anaona mwezi na nyota, anashangaa, na mshangao unarudi kumwuliza yeye mwenyewe ni nani hata akumbukwe. Zaburi hiyo fupi imefika mbali. Ujumbe wa Papa Paulo wa Sita uliowekwa kwenye kisahani walichokiacha mwezini wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 ulikuwa na maneno yake.

Alichonionyesha Mwalimu ni kiungo kimoja cha mwili. Zaburi inasema mbingu ni kazi ya vidole. Mahali pengine Biblia husema mkono, hata mkono ulionyoshwa, Mungu anapopigana au anapookoa. Hapa, mbele ya anga lote, inasema vidole. Vidole hufuma, hushona, hufinyanga shingo ya mtungi. Nyota zimewekwa moja moja. Basi, alisema, mtu akiimba nyota kwa kifua anaimba zaburi nyingine. Na kichwa cha Zaburi ya 8 katika Biblia ya Kiswahili, akaongeza akicheka, kinamtaja mwimbishaji kabla ya kumtaja Daudi.

Baada ya maelezo hayo nilianza kusikia kwa nini anabana pumzi za watu wake. Ubeti wa kwanza wanauimba nusu ya nguvu zao, wa pili vilevile, na kiitikio cha kwanza, mahali ambapo duniani kote watu hufumuka, wao wanakipandisha kwa noti bila kukipandisha kwa kelele. Ni kazi ngumu. Sauti ya binadamu ikipanda hutaka kuongezeka, kwa maumbile yake, na kuizuia isiongezeke bila kuifanya nyembamba kunahitaji misuli ya tumbo kufanya kazi kubwa kuliko koo. Unawaona wamama mabega yametulia kabisa na vitenge vinatikisika kiunoni. Nguvu inaongezwa kidogo kwenye kiitikio cha pili. Cha tatu, baada ya ubeti wa msalaba, kinarudi chini kuliko vyote. Kwaya zingine hufanya kinyume. Yote waliyoyaweka akiba hutolewa kwenye kiitikio cha nne.

Halafu kuna suala la pumzi yenyewe. Mistari ni mirefu, na kwaya isiyojipanga hupumua pamoja, kwa hiyo wimbo unakatika vipandevipande mahali pa koma na pasipo na koma. Dzaleka wanapokezana. Jirani zako wawili wakiwa wanaimba, wewe unaiba hewa katikati ya irabu ndefu, unatoka bila kishindo na kurudi bila kishindo, na hakuna mwenye ruhusa ya kuiba mwishoni mwa neno. Sheria ndogo hii ndiyo inayowafanya watu thelathini waonekane wana kifua kimoja kisichoishiwa. Neno la mwisho la kiitikio, "mkuu", lina m inayotaka kuwa silabi kamili, na tuni haikuiachia noti. Wengi huimeza. Mwalimu huiibia nafasi mwishoni mwa noti iliyotangulia: midomo inafungwa, mvumo unasikika kwa kitambo kidogo puani, kisha "kuu" inafunguka. Besi wakiufanya mvumo huo pamoja, mbao za kukalia zinatetemeka.

Msimu wa mvua una mafunzo yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikipiga mabati ya kanisa hakuna sauti ya binadamu itakayoshindana nayo, na kwaya nyingi huahirisha. Yeye haahirishi. Anawaambia waendelee kwa nguvu ileile, bila kuongeza hata kidogo, wakimtazama mkono. Mtu hasikii jirani wala hajisikii mwenyewe. Anachobaki nacho ni kumbukumbu ya noti mwilini na vidole vya mwimbishaji. Nilikuwepo mvua ilipokatika ghafla katikati ya ubeti wa pili, ule wa kutembea ulimwenguni na kusikia ndege. Sauti nne zikajitokeza zilipokuwa, hazijashuka hata nusu ya noti. Mwalimu hakutabasamu. Aliwaambia wale wa tena kwamba wamechelewa.

Ubeti huo wa kutembea ulimwenguni unaimbwa na watu wenye mambo mengi ya kusema kuhusu kutembea. Wapo waliovuka Ziwa Tanganyika, wakaikata Tanzania kwa malori na kwa miguu, hadi wakaingia Malawi kwa Karonga. Walipofika, sheria za nchi ziliwataka wakae kambini. Malawi ilipoukubali mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake juu ya uhuru wa kwenda huku na huko, na mwezi Machi 2023 serikali iliwaagiza waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Kikundi cha Kiswahili kilichokuwa kikikutana huku Area 18, sebuleni mwa mtu, kilipoteza karibu waimbaji wake wote wa tena kwa mara moja. Kwaya ya kambini ikawapata. Mwalimu alilalamika kwamba wamekuja na mazoea ya mjini ya kuimba kwenye kipaza sauti, yaani hawajui kusikilizana.

Ubeti wa nne ndio ninaotaka kukaa nao, kwa kuwa una historia ambayo waimbaji wa Dzaleka wangeweza kudai ni yao. Haumo kwa Boberg. Shairi la Kiswidi lilitafsiriwa Kijerumani mwaka 1907, kutoka hapo likaingia Kirusi mwaka 1912, na mmisionari Mwingereza, Stuart Hine, akalisikia kwa Kirusi magharibi mwa Ukraine miaka ya 1930. Akaanza kuliandika kwa Kiingereza akiwa kwenye milima ya Karpati. Vita ilipowarudisha Uingereza yeye na mkewe, alijikuta akihudumia watu wa Ulaya Mashariki waliong'olewa makwao. Mwaka 1948 alifika kwenye kambi moja huko Sussex iliyokuwa na Warusi wa aina hiyo, na swali lililokuwa halikauki midomoni mwa wakimbizi wa wakati ule lilikuwa ni lini watarudi nyumbani. Ubeti wa mwisho, unaongoja kuja kwa Kristo na kuchukuliwa kwenda kwao, aliutunga baada ya hapo, na wimbo mzima ukachapwa mwaka 1949. Miaka michache baadaye George Beverly Shea akautangaza katika mikutano ya Billy Graham, hasa ule wa New York wa mwaka 1957, na ukasambaa kila mahali.

Kwa hiyo wimbo ulipita kambini kabla haujafika Dzaleka. Na si huu peke yake. Zaburi ya 104, nyingine kubwa ya uumbaji, iliwekwa katika mizani ya Kiingereza na William Kethe, mtu aliyeikimbia Uingereza wakati wa Malkia Mary na kuishia Geneva, mji uliofurika wakimbizi wa dini. Zaburi zake zilichapwa mwaka 1561. Mwaka 1833 Robert Grant akaifanyia kazi upya akitumia ya Kethe, na ndiyo inayoimbwa hadi leo makanisani mwa Kiingereza. Ustadi wa kuifungia zaburi katika mizani ili halaiki iweze kuiimba bila kitabu ulikomaa sana mikononi mwa watu walioondoka na mizigo myepesi.

Nilipomsimulia Mwalimu habari za Sussex aliniuliza kama Hine alikuwa mwanamuziki. Nikamwambia alikuwa mmisionari. Akasema inaonekana, kwa sababu ubeti wa nne ndio ulioshonwa vibaya kuliko zote, na akaendelea na mazoezi. Kwa Kiswahili kweli unahitaji mkono: maneno yanajazana kwenye noti fupi, na mtu asipoangalia anakuwa kama anasoma tangazo. Anawapunguzia mwendo. Besi wanashuka noti moja chini ya iliyoandikwa kitabuni, nyongeza yake mwenyewe, na hapo kwa mara ya kwanza wimbo unapata kina chake chote. Kisha kiitikio, kwa nguvu iliyowekwa akiba tangu mwanzo. Nimeona watu wakisimama bila kuambiwa.

Na wimbo hauishii hapo, jambo linalowaudhi baadhi ya wageni. Kiitikio cha mwisho kikikaribia kutua, gitaa linaingia, ngoma inaingia, mwendo unaongezeka maradufu, na kwaya inateleza kwenye sebene. Viatu vinapiga sakafu ya udongo, akina mama wanazunguka, baba mmoja mzee wa besi anacheza kwa mabega tu akiwa ameshika fimbo. Nimesikia ikisemwa kwamba hapo ibada imegeuka dansi. Mimi naona ni sehemu ya ujenzi uleule. Mwili uliozuiwa beti nne nzima, pumzi iliyohesabiwa, kelele zilizokataliwa, lazima vipewe mlango wa kutokea, na Zaburi ya 150 yenyewe inaorodhesha matari na kucheza bila kuomba radhi. Kasoro ninayoiona ni nyingine. Watu wa nje wanaoijua Dzaleka wanaijua kwa Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongomani Trésor Nzengu Mpauni, au Menes la Plume, na ni tamasha zuri. Lakini jukwaa la nje lina njaa ya sebene na ngoma za Burundi, na zile dakika saba za utulivu zinazolifanya sebene liwe na maana hazina mahali pa kusimama kwenye spika za uwanjani. Ukitaka kuzisikia itabidi ukae kwenye ubao bila mgongo siku ya mazoezi, na ukubali kurudiwa kwa "ngu" hadi uione umuhimu wake.

Sasa hivi Mwalimu yuko kwenye Zaburi ya 104, kwa tuni yake mwenyewe. Haitaki ile inayoimbwa kwa maneno ya Grant, anasema ni ya watu wenye ogani. Zaburi hiyo ina mistari 35 na haibagui: mna upepo na chemchemi, punda-mwitu wanaokunywa, korongo kwenye misonobari, wibari kwenye miamba, simba wanaodai chakula chao usiku, na mtu anayetoka asubuhi kwenda kazini hadi jioni. Vijana wanamshauri awaache wibari, kwamba hakuna atakayemsikia mnyama huyo bila kucheka. Amekataa. Wibari wamepewa ubeti wa tatu, kwa besi peke yao, na kwenye mazoezi bado wanashindwa kuufikisha mwisho bila mtu kuangua kicheko.